Jina la programu huria ni la nani? Liandikieni mapema, mkiwa bado mnakula sahani moja

Mama mmoja wa Kibirizi alinipigia simu alfajiri, hata salamu hakumaliza. "Fundi, nimelipa elfu kumi ya Karabai jana, mbona mahesabu yangu siyaoni?" Nikamwambia, mama, Karabai hailipiwi. Akanyamaza kidogo. "Sasa yule niliyemlipa ni nani?"

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma, na usiku naandika programu. Karabai tuliianza watu watatu kwa ajili ya akina mama wanaoanika dagaa: nani kachukua mabeseni mangapi, nani kalipa, nani anasubiri mbalamwezi ipite, mitumbwi irudi ziwani, ndipo alipe. Msimbo, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, tuliuweka wazi chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti yaleyale. Baadaye mwenzetu mmoja akahamia Dar es Salaam, akasajili Karabai kama jina lake la biashara na kuanza kuuza. Domeini, yaani anwani ya tovuti yetu, ilikuwa kwenye barua pepe yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa na salio.

Kwa upande wa msimbo hakukosea kitu. GPL inaruhusu mtu kuuza. Kilichotuumiza ni jina, na kuhusu jina hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja. Nayaandika haya kwa vijana wanaoanza, wasije wakapita tulipopita.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni kwamba leseni ya msimbo haigawi jina. Chukueni leseni nyingine za programu huria. Apache 2.0 inasema wazi katika kifungu cha 6 kwamba haikupi ruhusa ya kutumia alama za biashara za mwenye kazi, yaani majina na nembo zinazoitambulisha. MIT haigusi kabisa habari ya alama. GPL toleo la 3, kifungu cha 7, inamruhusu mwandishi kuongeza sharti la kulinda jina lake. Kwa hiyo mtu anaweza kuondoka na msimbo wenu wote kihalali, asiondoke na jina. Nanyi pia mnaweza kubaki na msimbo wote, jina likawa limekwenda.

Sisi watu wa Kigoma hili lisitushinde, meli yetu imeshapitia. Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa hapa vipande vipande na kuunganishwa. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma ni kilekile. Aliyeishika ndiye aliyeipa jina.

Kwenye programu mfano ninaoupenda ni wa Joomla, kwa kuwa jina lenyewe ni letu: ni neno "jumla" lililoandikwa kwa tahajia ya Kizungu. Watengenezaji wake walikuwa wakitengeneza Mambo, mfumo wa kuendeshea tovuti, na jina hilo lilikuwa mali ya kampuni ya Australia. Walipokosana mwaka 2005 walitoka na msimbo, maana GPL inaruhusu, lakini jina wakaliacha mezani, na kazi yao wakaiita Joomla. Na sisi mafundi simu tunaikumbuka CyanogenMod, mfumo huria wa simu uliotokana na Android. Nimeiweka kwenye simu nyingi za watu. Kampuni iliyoshika jina ilipofunga huduma zake mwishoni mwa 2016, jamii iliendelea na kazi ileile kwa jina jipya, LineageOS.

Haya, tuje kwenye kazi. Mkichagua jina, likimbieni neno linaloeleza kile programu inachofanya. "Hesabu za Dagaa" ni jina bovu, kwa sababu kila mwenye hesabu za dagaa ana haki ya kusema hesabu za dagaa, na msajili atawaambia hivyohivyo. Karabai ilikuwa afadhali. Ingekuwa jina la taa isingefaa, lakini kwa programu ya simu halielezi kitu, linabaki kuwa jina tu. Majina ya mahali pia yaacheni. Kigoma haimilikiwi na mtu.

Kisha litafuteni. Mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, maduka ya programu za simu, hazina za msimbo, Google. Ulizeni na ng'ambo ya ziwa, maana dagaa wetu na programu zetu hufika Uvira na Bujumbura kabla hazijafika Dodoma. Msione aibu kuchukua wiki nzima. Kivinjari cha Firefox kilianza mwaka 2002 kikiitwa Phoenix, kikagongana na kampuni ya Phoenix Technologies. Wakakiita Firebird, kikagongana na programu huria nyingine ya hifadhidata yenye jina hilohilo, na watu wa hifadhidata wakakasirika kwelikweli. Firefox lilikuja mwaka 2004, jina la tatu.

Swali gumu ni nani awe mmiliki wa jina. Kundi la WhatsApp si mtu mbele ya sheria, haliwezi kumiliki kitu. Mkisema "ni letu sote" bila maandishi, siku ya ugomvi litakuwa la yule mwenye nywila. Njia ziko tatu. Mnaweza kusajili chama, ushirika au kampuni, chombo hicho kikashika jina. Mnaweza kumpa mmoja wenu alishike kwa niaba ya wote, kwa barua iliyosainiwa mbele ya mashahidi, yenye sharti kwamba akiondoka analirudisha. Au mnaomba hifadhi kwenye taasisi iliyoanzishwa kwa kazi hiyo: alama ya Debian, mfumo huria wa kompyuta, inashikwa na Software in the Public Interest, na mwaka 2010 kampuni ya Automattic iliikabidhi alama ya WordPress, programu huria ya kutengenezea tovuti, kwa WordPress Foundation. Sisi wadogo naona barua inatosha kuanzia. Hata jina la Linux, mfumo huria wa kompyuta, liko mikononi mwa mtu mmoja, Linus Torvalds, na alilipata jina hilo mwaka 1997 baada ya mtu mwingine wa Marekani kuwahi kuliombea usajili mwaka 1994.

Barua peke yake haitoshi kama funguo ziko kwa mtu mmoja. Domeini, akaunti ya duka la programu, ukurasa wa Facebook, vyote viwe kwenye barua pepe ya kikundi, na nywila wawe nayo wawili wasio ndugu.

Halafu andikeni ukurasa mmoja, muuweke ndani ya msimbo karibu na leseni. Wa kwetu sasa unasomeka hivi: "Msimbo huu ni wa wote kwa masharti ya GPL. Jina na nembo ni mali ya kikundi. Unaruhusiwa kusema programu yako imetokana na yetu au inafanya kazi nayo. Ukiibadilisha na kuisambaza, ipe jina lako. Ukitaka kutumia jina letu kwa biashara, tuulize kwanza." Msiukaze mno. Mozilla, wenye Firefox, walikataa Firefox iliyobadilishwa isambazwe kwa jina hilo, na Debian wakaisambaza kwa jina la Iceweasel kuanzia 2006 mpaka 2016. Miaka kumi watumiaji wanauliza Firefox iko wapi.

Usajili sasa. Kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara, ingawa yote mawili yanafanyika BRELA. Wengi wanachanganya hapa, na hata yule mwenzetu alidhani amemaliza kazi. Alama huombwa kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma: programu yenyewe iko daraja la 9, huduma za kutengeneza programu daraja la 42. Ombi hutangazwa kwenye jarida la usajili, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Unahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar wana msajili wao, na ng'ambo ya ziwa karatasi yenu haiwakingi.

Na kama ugomvi umeshaingia ndani? Kusanyeni ushahidi kabla hamjamtukana mtu. Historia ya msimbo yenye tarehe, picha za mikutano, risiti ya fulana mlizochapisha, na zaidi ya yote watu waliochanganyikiwa kama yule mama na elfu kumi yake. Aliyetumia jina kwanza bila kulisajili bado anaweza kumshtaki anayewauzia watu kana kwamba ni yeye. Lakini kesi ni safari, na wakili ana nauli yake. Tumeni kwanza mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote. Sisi tulimtuma mzee mmoja wa Ujiji. Alirudi na jibu la yule mwenzetu wa Dar kwamba jina hatoi, ila ataandika kwenye ukurasa wake kwamba programu ni huria na inapatikana bure kwetu. Aliandika, kwa herufi ndogo.

Tulikaa chini ya mwembe kule Ujiji tukapiga hesabu: dagaa wangapi wangeuzwa kulipa wakili. Tukabadilisha jina siku ileile. Kama mtafika huko, badilisheni kila mahali kwa siku moja, msiache majina mawili yakatembea pamoja, na mtangulize ujumbe kwa watumiaji kabla hawajaona nembo mpya na kudhani wameibiwa simu. Sisi tulipita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kwa miguu, kikundi kwa kikundi, tukafungua programu mbele yao na kuwaonyesha mahesabu yao yapo.

Sasa inaitwa Mwembe. Ukienda Kibirizi utasikia wanaiita Karabai vilevile, nami sina la kuwafanya, ila kwenye skrini na kwenye risiti imeandikwa Mwembe, na barua ya jina iko kwenye kabati la mweka hazina, imesainiwa na sisi wote na mashahidi wawili.