Jinsi ya kuchagua gitaa la klasiki la kupigia jukwaani

Gitaa linalokuvutia ukiwa umelipakata huenda lisiwafikie walioketi viti vya nyuma. Nimeshuhudia hivyo mara nyingi, ndiyo maana sichagui kwa kulipiga mimi peke yangu.

Hatua ya 1: Uhakikishe mkono
Urefu wa uzi unaotetema, kutoka juu ya shingo hadi darajani, kwa kawaida ni milimita 650. Mwenye mkono mdogo ajaribu 640 au 630. Kidole kinachojinyoosha kwa maumivu hakitatoa sauti nzuri, hata gitaa liwe bora namna gani.

Hatua ya 2: Ujue ubao wa uso
Antonio de Torres, fundi wa Kihispania wa karne ya 19 aliyeliwekea gitaa la leo msingi wake, alitumia msprusi, mti wa jamii ya misonobari. Mwerezi ulienea baada ya José Ramírez III, fundi wa magitaa wa Madrid, kuuingiza katika miaka ya 1960. Mwerezi hufikia sauti yake kamili mapema, na sauti hiyo ina joto. Msprusi huwa na sauti safi zaidi, nao hukomaa kadiri unavyopigwa. Yapo pia magitaa ya mtindo wa Greg Smallman wa Australia, ambaye huimarisha uso mwembamba kwa kimia cha balsa, mbao nyepesi sana, na nyuzinyuzi za kaboni. Yana nguvu nyingi. Mimi bado napenda msprusi, kwa sababu mabadiliko ya rangi ya sauti husikika wazi.

Hatua ya 3: Piga noti moja moja
Hapa usiwe na haraka. Panda uzi wa kwanza freti kwa freti (vile vijiti vya chuma vya shingoni) hadi ya 12, kisha uipite, kwa nguvu ileile. Ipo noti inayokufa upesi? Ipo inayovuma kupita jirani zake? Rudia kwa nyuzi zote, hasa wa tatu, ambao kwenye magitaa mengi huwa mzito wa sauti. Noti moja dhaifu katikati ya wimbo mkuu itakusumbua kila onyesho.

Hatua ya 4: Ingia ukumbini
Mpe mwenzako magitaa mawili yenye nyuzi za aina moja, zilizozeeka sawa. Kaa nyuma kabisa, geuka usione analolishika, naye apige kipande kilekile kwa kila gitaa, kwanza kwa sauti ya chini sana. Kelele si sawa na kufika: lipo gitaa linalonguruma karibu na kupotea mbali, na lipo la upole ambalo kila neno lake linakufikia. Chukua hilo la pili.

Hatua ya 5: Kabla ya kulipa
Uliza mgongo ni wa mti gani. Rozwudi ya Brazili, mbao ya thamani, ipo tangu 1992 kwenye Kiambatisho cha I, orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo kuvuka nayo mpaka kunaweza kudai kibali. Kisha nunua kipima unyevu cha kukaa ndani ya kasha. Asilimia 45 hadi 55 huuweka ubao salama usipasuke.