Somo: Kuchagua, kuvaa na kutunza helmeti ya baiskeli, kwa sisi wa Moshi na miteremko yetu

Niliahidi somo hili tangu nilipoanguka mwezi wa nne, masika yamekolea. Nilikuwa nateremka kutoka Kibosho kwenda mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jana yake lori lilikuwa limemwaga kokoto kwenye kona, usiku mvua ikazisambaza. Gurudumu la mbele likateleza, nikaenda chini ubavu wa kushoto, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro. Nikainuka, nikajipangusa, nikaikokota baiskeli hadi kazini. Mkono uliniuma wiki mbili. Kichwa hakikunisumbua hata kidogo.

Jioni nikazibandua zile sponji za ndani nikaitazama helmeti kwenye mwanga wa dirisha. Nje palikuwa na mchubuko tu, ungedhani imekwaruzwa na ukuta. Ndani, juu kidogo ya sikio la kushoto, povu jeupe lilikuwa limebonyea upana wa sarafu ya mia mbili, kama ugali uliotiwa kidole gumba, na kutoka hapo ufa umekimbia hadi kwenye tundu la hewa. Niliugusa ule mbonyeo siku nzima iliyofuata. Lile pigo lilikuwa linakuja kwangu, likaishia pale.

Hatua ya 1: Jua kazi yake kabla hujatoa hela

Povu lile linaitwa polistirini. Ni ndugu wa lile linalowekwa kwenye boksi la televisheni mpya, ila limeshindiliwa zaidi. Ganda la plastiki la nje ni jembamba. Kazi yake ni kulishika povu lisitawanyike na kuiacha helmeti iteleze kwenye lami badala ya kung'ang'ania. Kinachookoa ni povu, nalo linaokoa kwa kubonyea.

Nafundisha fizikia, kwa hiyo mniruhusu hesabu moja. Kichwa kikidondoka kutoka mita moja na nusu kinafika chini kwa mita 5.42 kwa sekunde, karibu kilometa 20 kwa saa, hata kama baiskeli ilikuwa imesimama. Huo ndio mwendo ambao kiwango cha Ulaya, EN 1078, kinautumia kupigiza helmeti kwenye chuma bapa. Kichwa kitupu kikilazimika kusimama ndani ya milimita 3, kinapata wastani wa nguvu mara 500 ya uzito wake. Kikipewa milimita 20 za kubonyea, wastani unashuka hadi kama mara 75. Kiwango kinataka kilele kisizidi mara 250. Tofauti yote hiyo inaletwa na milimita 17, unene wa kidole.

Ndiyo maana helmeti iliyopigwa haivaliwi tena. Povu likishabonyea halirudi, na pale pale likipigwa mara ya pili halina cha kutoa. Ile yangu niliikata vipande kwa kisu, asije mtu akaiokota akampa mtoto.

Hatua ya 2: Soma lebo ya ndani

Igeuze. Ndani lazima pawe na kibandiko chenye EN 1078, au CPSC kama ni ya Marekani, ambako helmeti zote za baiskeli zilizotengenezwa tangu 1999 lazima zifikie kiwango hicho na zinapimwa kwa kudondoshwa mita 2. Pawe na saizi kwa sentimeta, na tarehe ya kutengenezwa. Alama iliyo kwenye boksi tu haitoshi. Niliwahi kununua moja ya rangi nzuri sana kwenye duka la hapa mjini. Nilipoibandua nyumbani nikakuta ganda la plastiki na sponji ya godoro, povu hakuna. Ile ilikuwa kofia ya kuigizia. Tangu siku hiyo naigeuza mbele ya muuzaji na kulitafuta povu kwa kidole kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 3: Kama unanunua mtumba

Wengi wetu helmeti tunazipata Memorial au Kiboriloni, na sitamlaumu mtu kwa hilo. Zipo nzuri kabisa zinazotoka kwenye marobota. Ila mtumba wa helmeti si kama mtumba wa shati. Shati likichanika unaona.

Itoe nje ya kibanda, uipeleke juani. Bandua sponji zote, zimeshikwa kwa velkro, muuzaji akinuna mwambie utazirudisha. Pitisha kidole gumba polepole kwenye povu lote, hasa juu ya masikio na kisogoni. Unatafuta mahali palipobonyea, palipo laini kuliko pengine, au palipong'aa kana kwamba pamepigwa pasi. Kisha ishike kwa mikono miwili, kushoto na kulia, uipinde kidogo sana huku umeiweka sikioni. Ikilia kama biskuti, ina ufa. Angalia kwenye kona za matundu ya hewa, ndiko nyufa huanzia. Vuta mikanda kwa nguvu. Funga kibano, sikiliza kama kinalia "tak" mara moja, kisha jaribu kukivuta bila kukibonyeza.

Mwisho, inuse. Nasema kweli. Ikinuka petroli au tina, iache. Petroli inayeyusha polistirini, na rangi iliyopuliziwa juu inaweza kuficha povu lililolika ndani.

Isiyo na tarehe siinunui, hata kwa elfu mbili. Taasisi ya Snell ya Marekani, inayopima helmeti na iliyoanzishwa 1957, inashauri kubadilisha kila baada ya miaka mitano, kwa sababu jasho, mafuta ya nywele na jua vinachosha vifaa. Yenye mbonyeo wowote, hata mdogo, iache. Hapa sina huruma.

Hatua ya 4: Pima kichwa

Futi ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi, zungusha hadi kisogo kilipojitokeza. Andika namba. Ukiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo kwanza ujaribu.

Hatua ya 5: Ivae hivi, si vile

Hapa ndipo tunapoharibu. Kila siku pale kwenye mzunguko wa YMCA naona helmeti za bei nzuri zimeegemea kisogoni kama kofia ya mtu anayetoka harusini. Paji lote liko wazi, na paji ndilo linalotangulia ukirushwa mbele.

Iweke usawa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Ukiinua macho bila kuinua kichwa, uuone ukingo wake. Kaza gurudumu dogo la nyuma hadi ishike bila kuuma. Mikanda ya pembeni iunde herufi V, ncha yake ikae chini tu ya sikio. Mkanda wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja, au viwili ukizidi sana.

Sasa piga miayo mikubwa. Uisikie helmeti ikivutwa chini utosini. Tikisa kichwa mbele na nyuma ukiwa hujafunga mkanda: ngozi ya paji itembee nayo. Ikitembea yenyewe, saizi si yako, na hakuna mkanda utakaoiponya.

Hatua ya 6: Zile teknolojia mpya, zichukulie kwa nafasi yake

Chukua kata ya mbege, izungushe ghafla. Kata inageuka, mbege inabaki nyuma. Ubongo unafanya hivyo hivyo ndani ya fuvu kichwa kinapogonga kwa mshazari, na ajali nyingi za baiskeli ni za mshazari, kwa sababu tunaanguka huku tunasonga mbele. Mnyumbuko huo ndio unaochana nyuzi za ubongo.

Daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, Hans von Holst, pamoja na mtafiti Peter Halldin wa chuo cha KTH, walianza mwaka 1996 kulishughulikia hilo, likazaliwa MIPS: utando mwembamba wa plastiki ndani ya helmeti unaoiacha iteleze milimita 10 hadi 15 juu ya kichwa wakati wa kugonga. Ukikuta doa dogo la njano lenye maandishi hayo, ndiyo hiyo. WaveCel, iliyoingia sokoni 2019 kwenye helmeti za Bontrager, inatumia vyumba vya plastiki vinavyojikunja na kuteleza. Koroyd ni mirija midogo iliyounganishwa ubavu kwa ubavu kama mirija ya soda, ikipigwa inajikunja kuelekea chini. Chuo cha Virginia Tech cha Marekani kimekuwa kikizipima helmeti za baiskeli na kuzipa nyota tangu 2018, na mapigo yao ni ya mshazari. Majedwali yao ni bure kuyatazama.

Ninayopenda kuliko zote ni EcoHelmet ya Isis Shiffer, iliyopata tuzo ya James Dyson mwaka 2016. Ni karatasi iliyokunjwa kama sega la nyuki, unaibapisha unaitia kwenye mkoba. Ilifikiriwa kwa watu wa baiskeli za kukodi.

Lakini kama una elfu hamsini na raba za breki zimekwisha, nunua raba kwanza. Helmeti ya kawaida iliyokaa vizuri inazidi ya MIPS iliyoegemea kisogoni.

Hatua ya 7: Barabarani

Kabla ya mteremko, minya breki zote mbili ukiwa umesimama. Kwenye kona punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa ndani. Usikae kushoto kwa fuso linalotaka kukata kushoto, dereva hakuoni. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi nimesuka rasta nene, helmeti inakaa juu kama sufuria. Nifanyeje? (Dada wa Pasua)*

Marahaba dada. Usikate povu, nimeona watu wanalichonga kwa kisu. Funga rasta chini, usawa wa shingo, zitoke nyuma chini ya lile gurudumu la kukazia. Fundo la utosini ndilo linaloinyanyua. Kilemba chembamba au hijabu ya kitambaa laini isiyo na pini ni sawa, mradi upime kichwa ukiwa umeivaa. Ukisuka mtindo mwingine, kaza upya.

*Mangi, kwani siwezi kuvaa ile elementi ya bodaboda? Ninayo tayari.*

Mangi, inakinga, sikatai. Ila ni nzito, inaziba masikio, na kwenye kupanda kurudi Kibosho utaivua kwa joto na kuitundika kwenye hendeli. Helmeti iliyo kwenye hendeli ni mzigo. Kwa mtoto nasema hapana kabisa: shingo yake haibebi uzito ule.

*Nina mtoto wa miezi tisa, nambeba kwenye kiti cha nyuma nikienda sokoni Mbuyuni. Naomba ushauri. (Mama wa Njoro)*

Mama, msubirishe. Chini ya mwaka mmoja shingo haijakomaa kubeba helmeti wala mitikisiko ya barabara, hata taratibu. Akifika umri, tafuta yenye EN 1080 ndani: hicho ni kiwango cha Ulaya cha watoto wadogo, mkanda wake unaachia wenyewe ukivutwa kwa nguvu. Sababu yake ni ya kusikitisha. Watoto wamenasa kwa helmeti kwenye vifaa vya michezo na miti, mkanda ukawakaba. Kwa hiyo akishuka kwenye baiskeli, helmeti ya aina yoyote ivue palepale kabla hajakimbilia mwembeni.

*Nilisikia kuna helmeti ya puto, unaivaa shingoni kama skafu. Inapatikana?*

Ilikuwapo. Inaitwa Hövding, ya Sweden, ilibuniwa na Anna Haupt na Terese Alstin walioanza nayo kama kazi ya chuo mwaka 2005. Vihisio vilitambua kuanguka, puto likajaa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mwishoni mwa 2023 mamlaka ya kulinda walaji ya Sweden ilizuia isiuzwe, kampuni ikafilisika. Ukiiona mtumbani iache: gesi yake hujui ina umri gani.

*Wazungu wa Uholanzi wanaendesha kichwa wazi kila siku, mbona hawafi? Na mabingwa wa zamani hawakuvaa.*

Uholanzi baiskeli zina njia zake, zimetengwa na magari kwa kingo na bustani. Sisi tunagawana bega la lami na fuso, vifodi na bodaboda zinazokuja upande wetu. Kuhusu mabingwa: Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka kwenye Paris–Nice mwezi Machi 2003 bila helmeti, akafariki kwa jeraha la kichwa. Ndani ya miezi michache shirikisho la dunia, UCI, likaifanya helmeti kuwa lazima kwenye mashindano yake. Hadi leo.

*Fundi wangu wa Majengo amegundisha ufa kwa supagluu, hauonekani tena. Ni salama?*

Hapana. Gluu imeunganisha ngozi ya juu, povu la ndani limebaki limekufa. Tena gluu nyingi zinalila lenyewe. Ikate vipande leo.

*Naioshaje? Inanuka jasho.*

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, kitambaa laini. Sponji zibandue uzifue peke yake. Ianike kivulini, kamwe si juu ya bati wala kwenye dashibodi ya gari lililofungwa. Joto kali linaipinda. Na usiitundike karibu na dumu la petroli, hata kama ndiyo misumari pekee uliyonayo stoo.