Osha bomba la dawa ya ukungu bila kuua kamba wachanga

Nalima nyanya na bilinganya bondeni Kijichi, karibu na Mto Mzinga, na kwa miaka nimeoshea bomba langu la mgongoni mtoni humo humo. Dawa ya wadudu nilikuwa naiogopa. Ya ukungu niliiona si kitu: kamba wapi na ukungu wapi? Siku moja shemeji, anayerusha kimia kule chini kwenye mikoko, akanikuta nasuuza, maji yanatoka rangi ya buluu ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye madini ya shaba. "Shemeji, unawanywesha wanangu," akimaanisha kamba wachanga.

Kamba hutaga baharini, watoto wakaingia na maji kujaa hadi kwenye mikoko, wembamba kama uzi, hata huwaoni ila macho. Kila wakikua hujivua gamba, na saa hiyo mwili ni laini. Azoksistrobini, kiambata cha dawa nyingine ya ukungu, hukata pumzi ndani ya chembe za ukungu, na kamba naye anapumua kwa njia hiyo hiyo. Kopa huharibu mashavu, hasa chumvi ikipungua majini, yaani mvua ikishanyesha. Tena kopa haiozi, hutuama topeni. Mtoto wa kamba si lazima afe pale pale. Akilegea tu, samaki wanamdaka.

Kwa hiyo, dukani tazama kibandiko. Picha ya samaki aliyekufa na mti mkavu maana yake dawa hiyo ni hatari kwa viumbe wa majini. Dawa ya kupimiwa kwenye kimfuko kisicho na maandishi mimi siinunui tena.

Changanya ya kutosha tu. Matuta yangu yanamaliza bomba moja la lita 16, basi sichanganyi la pili "la akiba". Maji chota kwa ndoo ukachanganyie mbali. Bomba lisiguse mto.

Kuosha ndiko kwenye kazi. Tia lita mbili, funga, tikisa, pulizia kwenye nyanya zile zile ukitembea, usimwage sehemu moja. Rudia mara tatu. Chupa tupu nayo suuza mara tatu, maji yake yaingie kwenye bomba, kisha itoboe, maana kuna watu watawekea mafuta ya kula.

Wingu likifunga, ahirisha kupiga dawa. Na siku za maji mafu ongeza uangalifu: bahari haivuti kwa nguvu kama wakati wa bamvua, kilichoingia kwenye mikoko kinakawia.

Kando ya mto nimeacha hatua kumi za matete. Matuta mawili yamekwenda, iliniuma. Ila napunguza majani ya chini, namwagilia asubuhi tena shinani, na bakajani, ule ukungu wa madoa kwenye majani, imepungua, hata dawa napiga mara chache.

Nguo za kazi zifuliwe mbali na mto, maji yamwagwe shambani. Mke wangu hataki hata beseni lake liguswe, ikabidi ninunue langu.