Somo: Kuonyesha ubora wa data kwenye slaidi kwa michoro inayoharirika

Wakuu habari, somo hili ni la wadau wa takwimu za afya, nyie mnaoingiza ripoti za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) kwenye DHIS2 (programu ya kompyuta ya kukusanyia takwimu hizo) halafu mnatakiwa muwasilishe kikao cha wilaya. Tuache kubandika skrinshoti jamani. Kesho yake zahanati zilizochelewa zinaleta ripoti, asilimia inapanda, slaidi yako bado inaonyesha ya juzi na huwezi kuigusa.

1. Kwenye PowerPoint nenda Insert, Chart, chagua Doughnut. Kitafunguka ki-Excel kidogo, futa namba zao weka zako. Tuseme vituo ni 40, ripoti zilizofika 34, hazijafika 6, huo ndo ukamilifu, 85%.

2. Zilizofika ziwe bluu, zisizofika kijivu. Nyekundu itunze kwanza. Pembeni andika "34 kati ya 40" na tarehe uliyovuta data, asilimia peke yake inaficha mengi.

3. Kuwahi, yaani ripoti ngapi zilifika ndani ya muda uliopangwa, kuna mchoro wake, usichanganye na ukamilifu.

4. Sasa uthabiti, yaani namba zinaendana zenyewe kwa zenyewe au zinapingana, hapa ndo penye kazi. Weka nguzo mbili kila kituo, Penta 1 na Penta 3 (dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya Penta ya watoto) za mwaka mzima. Mtoto anaanza Penta 1 wiki ya 6, Penta 3 wiki ya 14 na wengine wanaishia njiani, kwa hiyo Penta 3 tunategemea iwe chini au sawa na Penta 1. Kituo ambacho Penta 3 imezidi, bofya nguzo yake, tulia kidogo, bofya tena ili ishikwe hiyo moja tu, ndo uipake nyekundu. Kwa mwezi mmoja inaweza kutokea tu, lakini mwaka mzima inatia shaka, hapo rejista ifunguliwe.

5. Kwenye mchoro wa mstari, mwezi ambao ripoti haijaja acha seli wazi, USIANDIKE 0. Seli ikiwa wazi mstari unakatika na watu wanaliona pengo, ukiweka 0 mstari unaporomoka mpaka chini na kikao kizima kitaanza kuuliza kwa nini watoto hawakuchanjwa wakati walichanjwa, ni karatasi tu haijafika.

MASWALI

Swali: Mkuu ripoti zikiongezeka naanza upya?
Jibu: Hapana, raiti kliki kwenye mchoro, Edit Data, badili 34 iwe 36 na 6 iwe 4, mchoro unajirekebisha. Ila yale maandishi ya pembeni uliyoandika kwa mkono hayabadiliki, na tarehe pia, yapitie.

Swali: Mi nakopi chati toka Excel yangu napesti, kuna shida?
Jibu: Angalia sana kiongozi. Ukipesti kwa Embed, faili zima la Excel linaingia ndani ya slaidi, shiti zote, hata ile yenye majina ya wagonjwa, na yeyote utakayemtumia anaweza kulifungua. Chukua namba za jumla tu, zipeleke kwenye Excel mpya kabisa, chati itoke huko.