Tasnifu ya uzamili ya afya ya jamii kwa data za TDHS: kuanzia swali hadi sura ya sera

Wanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii na sera wanaonijia wana shida ileile: ada wameilipa kwa mbinde, kazini hawajapewa likizo, na msimamizi anauliza wataingia lini uwandani. Ushauri wangu ni huu: usiingie. Data za TDHS (Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania) zipo, zimekusanywa na watu waliofunzwa, na hutalipa hata nauli ya bodaboda. TDHS ya 2022 peke yake ilihoji wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49, Bara na Visiwani. Wewe na dodoso lako la watu 200 wa hospitali moja mtafika wapi?

Ninatumia mfano wa Tanzania, lakini aliye Kenya na KDHS yake (utafiti kama huo wa Kenya) atapita njia hiihii.

Hatua ya 1: Swali

Usianze na "mambo yanayochangia". Chukua swali ambalo kuna mtu serikalini anatakiwa kuliamulia jambo. Humu nitatumia hili: je, wanawake wenye bima ya afya wanajifungulia kituoni zaidi ya wasio nayo?

Kabla hujampelekea msimamizi, fungua dodoso lililo mwishoni mwa ripoti uone kama swali lako liliulizwa kweli, na liliulizwa kwa nani. Wengi huruka hapa, kisha hugundua kwamba walichokitaka waliulizwa wanaume tu.

Hatua ya 2: Data na kibali

Jisajili kwenye tovuti ya DHS (mpango wa kimataifa unaosaidia nchi kufanya tafiti hizi), eleza utafiti wako kwa aya moja au mbili, subiri barua pepe. Fanya hivyo mapema, hata kabla pendekezo lako halijapita. Mwaka 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID zilizokuwa zikiuendesha mpango huo, maombi mapya yalikwama, na waliokuwa wameshapakua ndio walioendelea na kazi. Kama unahitaji viwianishi vya GPS, viombe papo hapo, maana vina ombi lake. Ujue tu kwamba vimesogezwa makusudi ili kuficha watu: mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na vichache vya vijijini hadi 10. Usije ukapima umbali wa kutoka kijijini hadi zahanati ukadhani umepata namba ya kweli.

Kamati ya maadili ya chuo bado itataka barua yako, ingawa data haina majina. Iombe.

Hatua ya 3: Faili

Jina la faili huanza na nchi (TZ, KE), kisha aina. IR ni wanawake, KR ni watoto wa chini ya miaka 5, BR ni uzazi wote, HR ni kaya, PR ni wanakaya, MR ni wanaume. Pakua toleo la Stata (programu ya takwimu) hata kama hutumii Stata, kwa sababu R, programu nyingine ya takwimu, inalisoma bila matatizo.

Na tumia R. Ni ya bure, na wenyewe DHS wameweka GitHub misimbo yao ya kukokotoa viashiria. Stata ni nzuri kama chuo kimekununulia. Ile ya kupewa kwenye flashi na rafiki siizungumzii. SPSS sikushauri, kwa sababu bila moduli ya sampuli changamano, hatua inayofuata itakushinda, na hatua inayofuata ndiyo tasnifu yenyewe.

Hatua ya 4: Uzito, klasta na strata

Soma hapa polepole.

Sampuli ya TDHS si watu waliookotwa ovyo nchi nzima. Nchi iligawanywa kwa mikoa na kwa mjini na vijijini. Hizo ndizo strata. Ndani yake zikachaguliwa klasta 629 (maeneo madogo ya kuhesabia watu), na katika kila klasta kaya 26. Sasa tazama Zanzibar. Kwa sensa ya 2022 ina watu 1,889,773 kati ya milioni 61.7, yaani kama asilimia 3 ya Watanzania. Lakini ni mikoa 5 kati ya 31, na kila mkoa ulitakiwa kuwa na kaya za kutosha ili utoe takwimu zake wenyewe. Kwa hiyo kwenye faili lako Wazanzibari wamejaa kuliko walivyo nchini. Ukipiga asilimia moja kwa moja, Pemba na Unguja zinaivuta Tanzania nzima upande wao.

Dawa yake ni safu ya v005, yaani uzito wa kila mhojiwa. Imeandikwa bila nukta ya desimali, hivyo igawe kwa 1,000,000 kwanza. Halafu iambie R muundo mzima, kwa kifurushi chake cha survey:

d$wt <- d$v005/1000000
m <- svydesign(id=~v021, strata=~v023, weights=~wt, data=d, nest=TRUE)

Hapo v021 ni klasta na v023 ni strata. Sasa tahadhari zake, na zote zimewahi kula usiku wa mtu.

Kwenye baadhi ya tafiti strata sahihi iko v022, si v023. Usikisie. Fungua kiambatisho cha muundo wa sampuli, hesabu strata walizotaja, kisha hesabu zilizomo kwenye safu yako. Zisipolingana, zitengeneze mwenyewe kwa mkoa na mjini/vijijini.

Usifute watu. Ukitaka wanawake wa vijijini tu, weka muundo kwanza kwenye faili zima, ndipo uchuje kwa subset(m, ...). Ukichuja kabla, kuna klasta zitapotea, na vipimo vya kosa (standard errors) vitatoka vya uongo bila programu kukulalamikia.

Ikilalamika kwamba strata fulani imebaki na klasta moja, andika options(survey.lonely.psu="adjust") uendelee. Lakini kwanza jiulize kwa nini imebaki moja. Mara nyingi ni kwa sababu ulishafuta watu.

Ukiunganisha 2015-16 na 2022, klasta namba 1 ya mwaka mmoja si klasta namba 1 ya mwingine. Tengeneza namba mpya zenye mwaka ndani yake, kwa klasta na kwa strata pia.

Ukishamaliza, usiende kokote. Rudia kwanza takwimu moja iliyochapishwa kwenye ripoti. Ripoti ya 2022 inasema asilimia 81 ya uzazi ulifanyika kituoni. Ukipata 81, umepona. Ukipata 77, kuna kitu, na mara nyingi ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kipindi: 81 ni ya uzazi wa miaka 2 kabla ya utafiti, wakati 63 ya 2015-16 ni ya miaka 5. Cha pili ni misimbo ya majibu, yaani namba zinazosimama badala ya majibu. Mahali pa kujifungulia, m15, huanza na 11 kwa nyumbani, na vituo huanzia 20 na kuendelea. Ukiandika "20 na zaidi ni kituo" umeingiza na 96, ambayo ni "kwingineko". Hali kadhalika mahudhurio ya kliniki, m14: 98 maana yake mama hakumbuki. Nimeona rasimu ambayo wajawazito wa mkoa mmoja walikuwa na wastani wa mahudhurio 9, na mwandishi alikuwa ameshaandika aya nzima ya kuusifu mkoa huo.

Hatua ya 5: Uchambuzi

Jedwali la sifa za washiriki, kisha svyglm, yaani regresheni inayozingatia muundo wa sampuli. Hii mnaijua.

Hatua ya 6: Mjadala

Jambo moja tu. Mama aliulizwa kama ana bima siku ya mahojiano (v481), lakini alijifungua pengine mwaka mmoja na nusu nyuma. Huenda bima aliipata baadaye. Andika "inahusiana na", usiandike "imesababisha", na ueleze ni kwa nini kwa sentensi mbili.

Hatua ya 7: Sura ya sera

Hapa ndipo wengi huandika "serikali ihamasishe jamii" na kufunga kompyuta. Serikali ipi? Afya si jambo la Muungano. Bara, zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, huku Wizara ya Afya ikishika sera na miongozo; Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Zanzibar ina wizara yake, na mfuko wake wa huduma za afya una sheria yake, nayo ya 2023. Kwa hiyo toa matokeo ya Bara na ya Zanzibar kila moja peke yake (kwa subset, si kwa kufuta), na kila pendekezo litaje ofisi itakayolifanyia kazi. Pendekezo lisilo na ofisi ya kulipokea, liondoe kabla msimamizi hajalizungushia kalamu nyekundu.