Namna ya Kuhifadhi Kidijitali Mabango, Majarida na Nyimbo za Migomo ya Chuo: Mfano wa Mlimani

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa bado kichanga pale Mlimani, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Maneno ya bango lile yametufikia kwa kuwa waliokuwepo waliyaandika. Lakini bango si maneno tu. Ni mwandiko, ni rangi iliyopatikana usiku wa kuamkia maandamano, ni boksi lililokatwa na kupigiliwa kwenye mpini wa ufagio, na vitu vya namna hiyo kwa kawaida havilali salama hata usiku mmoja baada ya mgomo kuvunjwa.

Mwongozo huu unamlenga mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotaka kuokoa mabaki hayo kabla hayajaisha: wanafunzi wa sasa, wahitimu wa zamani, watoto wa wahitimu waliorithi masanduku, au mkutubi mwenye ari lakini asiye na bajeti. Ninatoa mifano ya Mlimani kwa sababu ndiko ninakokufahamu vizuri zaidi, ingawa hatua zenyewe zinafaa kwa chuo chochote.

Anza na watu, kisha karatasi. Andika orodha ya matukio ambayo chuo chako kinayakumbuka, na mbele ya kila tukio weka majina ya watu walioshiriki ambao bado wanaweza kufikiwa. Kwa Mlimani orodha hiyo itakuwa na maandamano ya 1966, barua ya wazi ya rais wa wanafunzi Simeon Akivaga na vurugu zilizofuata mwaka 1971, pamoja na maandamano ya Machi 1978 ya kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri. Itakuwa pia na jarida la wanafunzi la Cheche, lililoanza Novemba 1969 likiwa na jina linalokumbusha Iskra, gazeti la Lenin, na kupigwa marufuku Novemba 1970. Mtu aliyekuwa na miaka 22 wakati Cheche linafungwa sasa amepita 75. Kwa sababu hiyo, ikiwa una Jumamosi moja tu ya kufanya kazi, usiitumie kuskani karatasi ambayo itakuwepo Jumamosi ijayo, bali nenda ukamsikilize mzee huyo akiwa bado anakumbuka ni nani aliyechapa stensili na ni chumba gani mashine ya kurudufu ilifichwa.

Unapoonyeshwa sanduku, usilipange upya papo hapo. Mpangilio wa mwenyewe ni ushahidi: kipeperushi kilichokunjwa ndani ya daftari la mihadhara ya sheria kinakuambia tarehe yake, na pengine mwenye nacho, hata kama hakikuandikwa chochote juu yake. Piga picha ya sanduku likiwa limefunguliwa, kisha piga picha ya kila tabaka unaloondoa. Mruhusu mwenye mali abaki na vitu vyake. Wengi hukataa kutoa nyaraka kwa kuwa waliwahi kuazimwa picha zisirudi, na hofu hiyo ni halali. Ukifanya kazi nyumbani kwao, mezani kwao, wakiwa wamekaa pembeni, utapata karatasi na utapata simulizi pia.

Kila kitu kipewe namba yake kabla ya kuskaniwa, kwa mfano MLIMANI-1978-BANGO-004, na namba hiyo hiyo ndiyo iwe jina la faili. Usiache faili zikiitwa kwa majina yanayotolewa na simu. Kisha, katika jedwali la kompyuta au hata daftari la mistari, jaza maelezo ya kila namba: kitu ni nini, kina vipimo gani, kimetengenezwa kwa nini, lini, wapi, na nani kama anaruhusu kutajwa, kilitumiwa katika tukio gani, kilitunzwa na nani mpaka leo, na nani amekupa maelezo hayo. Ukitaka kufuata kanuni inayotambuliwa na maktaba duniani, ipo ya Dublin Core yenye vipengele 15, na mkutubi yeyote atakusaidia kuilinganisha na jedwali lako. Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa maana hapa ndipo miradi mingi inapokosea. Watu hufurahia picha angavu, wakaahirisha maelezo, na baada ya miaka mitano wanabaki na maelfu ya faili za vijana walioinua ngumi mahali ambapo hakuna anayeweza kupataja. Heri picha 40 zenye maelezo kamili kuliko 4,000 zisizo na jina. Pale usipokuwa na hakika, andika "yasemekana" na utaje umesikia kwa nani. Pale masimulizi mawili yanapopingana, andika yote mawili.

Majarida na vipeperushi vya zamani vilirudufiwa kwa wino kwenye karatasi hafifu ambayo sasa imekuwa ya njano na hukatika ukiikunja. Nawa mikono na uikaushe vizuri, utoe pini za stepla zilizoshika kutu kwa kuziinua taratibu badala ya kuzivuta, na usibandike selotepu wala usipeleke karatasi hizo kufanyiwa lamineshi, kwani gundi na joto huharibu bila njia ya kurudi nyuma. Tumia skana ya bapa, kwa rangi hata kama maandishi ni meusi, kwa nukta 400 kwa inchi. Picha ndogo za karatasi ziskani kwa nukta 600. Skani jalada, nyuma ya jalada na kurasa tupu pia. Hifadhi nakala kuu, ambayo haitaguswa tena, kwa muundo wa TIFF, ambao hutunza picha bila kuipunguzia ubora, kisha utengeneze nakala nyepesi za JPEG au PDF kwa ajili ya kusomwa. Usisafishe madoa katika nakala kuu. Doa la chai kwenye jarida lililopita mikononi mwa watu 30 ni sehemu ya historia yake.

Bango kubwa lisiloingia kwenye skana lilaze sakafuni au liegemeze ukutani, uweke taa mbili zinazolingana pande zote mbili kwa pembe ya nyuzi 45, uzime mwako wa kamera, na ukae katikati kabisa ili kingo zisipinde. Weka rula ndani ya picha.

Mchoro wa ukutani hauna subira, kwani rangi ya chokaa ya utawala inaweza kufika kesho asubuhi. Piga ukuta mzima kwa kuukabili moja kwa moja, halafu vipande kwa vipande vikipishana kidogo, halafu maneno kwa karibu, na mwisho rudi nyuma kabisa upige mahali penyewe: njia, miti, jengo la jirani. Picha hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo itakayomwambia mtafiti kwamba mchoro uliangalia dirisha la ofisi gani. Ukiukuta umeshapakwa rangi, rudi upige picha ya ukuta mtupu na kuipa namba inayofuatana na ile ya kwanza.

Nyimbo za migomo nazo ni sanaa, na aghalabu ni nyimbo za kanisani, za jeshini au za mchakamchaka zilizobadilishwa maneno. Rekodi kwa muundo wa WAV, kilohezi 48 na biti 24 ikiwa kifaa kinaweza, katika chumba kisicho na feni. Mwombe mwimbaji aimbe wimbo wote kwanza bila kukatizwa, kisha aeleze ulivyopokelewa, nani alianzisha, na wimbo wa awali ulikuwa upi. Ukitumiwa picha au sauti kwa WhatsApp, mwombe mtumaji aitume kama nyaraka badala ya picha ya kawaida, kwa sababu njia ya kawaida huibana faili na kuipunguzia ubora.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, nalo ni nani anaweza kuumizwa na hifadhi hii. Mlimani ilikuwa na Mzee Punch, mwandishi asiyejulikana ambaye michoro na maandishi yake yalibandikwa ukutani usiku tangu miaka ya 1970, watu wakayakuta asubuhi. Punch aliwasema wakubwa waliokuwa hawasemeki, na kwa hilo wengi humkumbuka kwa mapenzi. Lakini pia aliwadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, kwa majina na kwa michoro ya matusi, na Februari 1990 mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandamwa hivyo alijiua, ndipo Punch akapigwa marufuku. Je, karatasi hizo zihifadhiwe? Mimi nasema zihifadhiwe, kwa kuwa kuzichoma ni kuficha ukatili uliotendwa. Lakini zisiwekwe mtandaoni zikiwa na majina na sura za waliodhalilishwa. Ziwe katika folda iliyofungwa, mtafiti azione kwa maombi ya maandishi, na maelezo yake yaseme wazi kilichotendeka badala ya kuyaita utani wa wanachuo.

Tahadhari hiyo inahusu pia migomo ya karibuni. Picha ya simu hubeba ndani yake saa na mara nyingine mahali ilipopigwa; katika nakala inayotolewa kwa umma ondoa taarifa hizo na ufiche nyuso za watu wasiotoa ridhaa, huku nakala kuu ikibaki kamili mahali salama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, hivyo ridhaa iwe ya maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikimpa mtu nafasi ya kuchagua: itolewe kwa wote, itolewe bila jina, au ifungwe kwa miaka anayoitaja yeye. Hakimiliki nayo haifi kwa sababu kazi ilibandikwa ukutani. Kwa sheria ya Tanzania hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mchoraji akijulikana, aombwe.

Kuhusu kutunza, weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mji mwingine. Diski ya nje nyumbani, nyingine kwa ndugu Mwanza au Arusha, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni, inatosha kuanzia. Fleshi si hifadhi, ni chombo cha kusafirishia. Tengeneza kwa kila faili alama ya uthibitisho ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, ambayo programu za bure huitoa kwa sekunde chache, na uiandike kwenye jedwali. Ukiikokotoa tena mwakani na ikatofautiana, ujue faili imeharibika na uirudishe kutoka nakala nyingine. Kwa maonyesho ya umma, Omeka ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa makusanyo ya aina hii, na Internet Archive hupokea faili bila malipo, ingawa kilichowekwa huko kichukulie kuwa hakirudi tena mikononi mwako.

Kikundi huvunjika watu wanapohitimu. Kabla ya hapo, peleka nakala kamili pamoja na jedwali na fomu za ridhaa kwa taasisi yenye watu wa kudumu, kama vile sehemu ya East Africana, yaani makusanyo yahusuyo Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na makubaliano yaandikwe yakitaja folda zipi zimefungwa na mpaka mwaka gani. Nywila za akaunti za mtandaoni ziandikwe kwenye karatasi, zifungwe katika bahasha, na zikabidhiwe kwa watu wawili wasioishi nyumba moja.