Meno ya kahawia na mkopo wa Uingereza: soma kabla hujatia saini

Kama umekulia Arusha, Arumeru au Hai, au upande wa pili wa mpaka kule Nakuru na Naivasha, makala hii ni yako hasa. Meno yetu yana madoa ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo kwenye maji ya miamba ya volkano, wala si kwa sababu hatupigi mswaki. Tukishafika Uingereza na kupata kazi, wengi wetu tunatamani kuyaondoa yale madoa, maana umechoka kucheka umeziba mdomo. Basi fahamu kwamba kuna biashara nzima inayokusubiri ufike hapo. Nitakaa sana kwenye mtego mmoja, ule ulionitafuna mimi. Mengine nitayapita haraka.

Mtego wenyewe unaitwa ushauri wa bure.

Tangazo linakufuata kwenye simu wiki nzima. Ukipiga, unapewa nafasi kesho yake, na hilo peke yake lingetosha kukushtua katika nchi ambayo kumpata daktari wa meno ni shughuli. Unapokelewa na dada mchangamfu, sare safi, kahawa ya bure. Cheo chake ni mratibu wa matibabu. Anapitisha kamera ndogo mdomoni, meno yako yanatokea kwenye skrini kubwa, makubwa na mabaya kuliko unavyoyajua. Halafu anabonyeza kitufe na unaona uso wako ule ule ukiwa na meno meupe. Hapo moyo unalainika. Kabla haujakaza tena, bei imeshakuja: vinia kumi za juu (maganda ya kubandika mbele ya meno), kianzio leo, kilichobaki ni mkopo wa miaka kadhaa, saini hapa kwenye tableti. Daktari je? Utamwona siku ya kuanza kazi.

Rudia kusoma sentensi hiyo ya mwisho. Daktari utamwona siku ya kuanza kazi. Yaani umeshapangiwa matibabu, umeshakopeshwa, umeshalipa kianzio, na hakuna daktari hata mmoja aliyechungulia mdomo wako.

Nyumbani tumezoea mpangilio mwingine. Anayekutajia matibabu ni daktari, na anayekutajia bei ni mtu wa dirishani, na ukitoka kwa mmoja unakwenda kwa mwingine. Hapa wamewaunganisha watu hao wawili kwenye kiti kimoja, na aliyekaa hapo mara nyingi analipwa kwa kuuza. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kahawa, ni hili: wewe ni daktari wa meno? Uliza waziwazi. Hawatakasirika. Waingereza hawakukaripii kwa kuuliza. Kama kuna ubaya watakuandikia barua.

Ndani ya mtego huo kuna mtego mwingine mdogo. Kila anayetibu meno Uingereza lazima asajiliwe na General Dental Council, baraza linalosimamia watoa tiba ya meno, na daftari lao liko wazi kwenye mtandao, bure. Watu wengi wanaishia kuangalia kama jina lipo. Mimi jina la yule dada nililikuta, na nambari yake ni halali kabisa, ila amesajiliwa kama muuguzi wa meno. Daftari ni moja kwa madaktari, wauguzi, mafundi wa meno bandia na wengineo. Soma jina, soma nambari, kisha soma cheo. Cheo! Kuona jina pekee hakukusaidii chochote.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mkopo wa kawaida wenye riba una siku 14 ambazo unaweza kujitoa bila kutoa sababu. Mratibu atakwambia hivyo kwa tabasamu, na anasema kweli. Asichokwambia ni kwamba umeingia mikataba miwili. Mmoja ni wa mkopo, na mkopeshaji ni kampuni nyingine kabisa. Wa pili ni wa matibabu, kati yako na kliniki. Kujitoa kwenye mkopo hakufuti mkataba wa matibabu. Nilipojitoa kwenye mkopo, kliniki iliniandikia kwa adabu kubwa kwamba sasa wanasubiri fedha taslimu. Na haki ya kufuta mkataba wa huduma ndani ya siku 14 ipo kwa mikataba iliyosainiwa kwa mtandao, kwa simu au nje ya ofisi zao. Ukisaini ukiwa umekaa ndani ya kliniki, haki hiyo unaipata tu kama wao wameiandika kwenye mkataba. Ndiyo maana wanapenda usaini palepale.

Kwa hiyo usisaini palepale. Ukiambiwa punguzo linaisha leo, liache liishe. Nasema tena kwa ajili ya wale wanaosoma huku wamekaa kwenye kile kiti: mwambie unahitaji mpango wa matibabu na gharama zote kwa maandishi, utausoma nyumbani. Kanuni za General Dental Council zinawataka wakupe mpango na bei kabla ya kuanza, na wakupe nafasi ya kufikiri. Hauombi hisani.

Na kama umeshasaini? Kwanza, saini ya mkopo siyo ridhaa ya kuguswa meno. Hata ukiwa umelala kwenye kiti na taa imewashwa, una haki ya kusema basi, na hakuna anayeruhusiwa kuendelea. Mambo ya hela ni mazungumzo mengine. Pili, jitoe kwenye mkopo kwa maandishi ndani ya zile siku 14, usipige simu tu. Tatu, ilalamikie kliniki yenyewe kwa maandishi na utunze nakala. Wasipokujibu vizuri, kwa tiba ya kulipia kuna Dental Complaints Service, ambayo haitozi kitu. Mimi sehemu ya kianzio ilirudi. Iliyobaki walisema ni gharama ya vipimo. Nilikilipa kwa kadi ya benki ya kawaida. Wewe ukiwa na kadi ya mkopo, lipia kianzio kwa hiyo, hata kama ni sehemu tu ya bei nzima. Huduma ikiwa na bei kati ya pauni 100 na pauni 30,000, sheria inaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Kadi ya kawaida haina kinga hiyo ya kisheria.

Binamu yangu, Mungu amweke, aliniambia nimalizie tu, hela ikishatoka imetoka. Jamani, ndugu zangu, tusipeane ushauri wa namna hiyo. Hela iliyotoka inaweza kurudi. Jino lililosagwa halirudi.

Hapo ndipo ubaya wa vinia ulipo. Vinia ni ganda jembamba la kauri linalogandishwa mbele ya jino, na mara nyingi ili likae vizuri daktari hupunguza sehemu ya tabaka gumu la nje. Tabaka hilo halioti tena. Vinia nzuri huishi miaka kumi na kitu, kisha inabadilishwa, na itabadilishwa tena. Mtu wa miaka 30 anayeweka vinia kumi amenunua matengenezo ya maisha yake yote, na jino moja linaweza kwenda pauni 500 hadi 1,000 au zaidi. Wapo wanaozihitaji kweli. Lakini daktari wa pili niliyemwendea, kwa sababu nyingine kabisa, ya kuziba gego, alitazama meno yangu ya mbele akauliza kwa nini mtu asage meno kumi mazima kwa ajili ya doa lililoko juujuu.

Madoa ya floraidi, yakiwa ya wastani, huanziwa kwa njia nyepesi. Kuna kung'arisha nyumbani kwa jeli ya daktari na vifuniko vilivyotengenezwa kwa umbo la meno yako, unavivaa usiku kwa wiki kadhaa. Doa la kahawia hufifia, ila siku za mwanzo yale mabaka meupe yanaweza kuonekana zaidi, usiogope. Kuna kusugua juu kabisa ya jino kwa asidi na unga wa kukwangulia. Kuna kupenyeza utomvu maalumu ndani ya doa hadi likafanana na jino lililolizunguka. Na kuna kujazia kwa mchanganyiko mweupe ule ule wa kuzibia meno. Yote hayo ni nafuu kuliko vinia, na yanabakiza jino karibu lote. Yangu sasa yana umanjano kwa mbali. Hayafanani na ya watangazaji wa televisheni ya hapa, ambao siku hizi wote wana weupe wa sinki jipya. Zamani Waingereza walikuwa wakitaniwa kwa meno yao na hawakujali. Sasa wamejali kupita kiasi, na sisi tumefika katikati ya homa hiyo. Kuna daktari aliyeniuliza kama ningependa mwanya wangu uzibwe. Mwanya! Nyumbani watu wanaimbiwa nyimbo kwa ajili ya mwanya.

Kung'arisha meno kwenye saluni ni kinyume cha sheria, hata kama dada wa saluni ni Mtanzania mwenzetu na anakupunguzia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba kazi hiyo ni ya udaktari wa meno. Daktari anaruhusiwa kutumia dawa yenye peroksidi hadi asilimia 6. Vinavyouzwa dukani huku mwisho ni asilimia 0.1, kwa hiyo vingi havifanyi kitu. Mtu akikuahidi nguvu zaidi bila daktari, anakuunguza fizi. Shangazi zangu wanaoomba niwatumie ile dawa ya kung'arisha, nawapenda, lakini situmi. Na mkaa, limau na magadi ya kupikia pia muache. Limau linakula jino, mkaa unalikwangua.

Uturuki nako vijana wanakwenda kwa makundi, tiketi na hoteli ndani ya bei. Tatizo ni kwamba kinachotangazwa kama vinia mara nyingi ni kofia za jino zima, na ili kofia iingie, jino linasagwa pande zote hadi kubaki kisiki. Ukirudi na maumivu mwaka unaofuata, aliyekusaga yuko Antalya, na daktari wa hapa anayeanza kurekebisha kazi ya mwenzake atakutoza kama kazi mpya. Uliza kabla ya kupanda ndege: ni vinia au ni kofia, na mtasaga kiasi gani?

Kuhusu NHS, huduma ya afya ya serikali, kwa kifupi. Ada ya afya uliyolipia viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi, haifuti malipo ya meno. Nyumbani wanaosema huko mnatibiwa bure wasikuchanganye. England kuna viwango vitatu, na kuanzia Aprili 2025 vilikuwa pauni 27.40 kwa uchunguzi, 75.30 kwa kuziba au kung'oa, na 326.70 kwa kofia na meno bandia. Urembo haumo. Huna haja ya kuishi karibu na kliniki ili ikupokee, piga simu hata mji wa jirani. Ukizidiwa na maumivu huna daktari, piga 111. Na ukijazishwa fomu, usiweke tiki kwenye msamaha bila uhakika: kupokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) peke yake hakutoshi, kipato chako cha mwezi nacho kinaangaliwa, na faini inafika pauni 100 juu ya deni lenyewe. Mwenye kipato kidogo aombe kwanza cheti cha HC2, kile cha msamaha wa gharama za NHS.

Usafi unaujua. Mara mbili kwa siku, dawa ya mswaki yenye floraidi kati ya 1,350 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), tema povu na usisukutue kwa maji baadaye. Hilo la kutosukutua ndilo linalotushinda sisi. Ukoga ukishaganda, mswaki hauutoi, nenda ukasafishwe. Na wewe wa Arusha unayeikimbia dawa yenye floraidi kwa hofu ya madoa: madoa huingia jino linapojengeka utotoni, hadi kama miaka minane hivi. Jino la mtu mzima halipati madoa hayo tena, linapata ulinzi tu. Hata maji ya Birmingham yamewekewa floraidi tangu 1964, lakini takriban miligramu moja kwa lita, wakati vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vinapita mara kadhaa kiwango cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani.

Anayestahili hofu hiyo ni mtoto. Hapa watoto chini ya miaka 18 hawalipi kwa NHS, wapeleke mapema. Chini ya miaka mitatu paka utando mwembamba tu wa dawa juu ya mswaki, kuanzia mitatu kiasi cha punje ya njegere. Na kama unampeleka wa miaka miwili au mitatu akakae kwa bibi yake Arumeru kwa muda mrefu, usimwambie bibi achemshe maji, kwa kuwa kuchemsha hakuondoi floraidi. Mtumie hela ya simtanki la kukingia maji ya mvua, na mwombe kwa upole makande ya mjukuu yasitiwe magadi, kwa sababu nayo yana floraidi. Atanuna kidogo. Atasema ninyi nyote mmekula na mmekua. Mtumie hela hata hivyo.